Mayai Kumi na Mawili na Waya Mnene wa Birere

Jumatatu, 9 Julai 2012

Nyumba imejaa! Dada yangu Kahambu alifika juzi kutoka Kalengera na binti yake Daniella, vita nyuma yao, vumbi mpaka kwenye kope. Shamba kaacha. Mbuzi kaacha. Alichobeba ni mayai kumi na mawili. Kuku aliyekuwa akiyaatamia alikamatwa kwenye bariera ya njiani na watu wenye bunduki, wakamla. Mayai wakaona yameshaanza vifaranga, wakamwachia.

Leo yana siku kumi na tano. Kahambu ameyafunga tumboni kwa kitenge. Hainami, hakai vizuri, anatembea kama mama wa mapacha. Anasema hilo ndilo shamba lake lililobaki. Mke wangu Charline anayatazama kwa jicho la omleti.

Nikasimama katikati ya sebule nikatangaza: mimi Florent nitaleta umeme! Ampuli ya taa ndani ya katoni, mayai yalale kama mawaziri hotelini! Watu wote wakainamisha vichwa. Ndiyo heshima hiyo.

Jirani yetu Grégoire ana umeme. Alikuwa fundi wa nyaya miaka ishirini kwenye kiwanda cha chai. Hatupendani sana. Mwaka 2002 volkano iliposhuka niliinyooshea mkono, ikageuka, ikapitia kwake. Hajanisamehe. Lakini kwa ajili ya Kahambu amekubali. Ampuli moja tu, kasema, na waya nijitafutie mwenyewe.

Jumanne, 10 Julai

Sokoni Birere, hapa Goma, asubuhi na mapema. Mfanyabiashara, bwana mmoja Murhula, akanionyesha waya mwembamba, mzito mkononi. Nikacheka mpaka nikashika meza. Mimi sidanganywi! Nikabonyeza nyaya zote kama mtu anayechagua parachichi, nikachukua ule mnene kuliko wote. Ngozi yake peke yake kama kidole gumba. Mita hamsini. Nimerudi nyumbani Katindo juu ya moto-taksi, pikipiki ya kukodi, waya shingoni kama mshindi wa baiskeli.

Grégoire akakata ncha kwa kisu, akachungulia ndani, akacheka. "Papa Florent, hii ni ngozi ya kiboko, mushipa wa panya!" Eti kinachobeba umeme ni shaba ya ndani. Plastiki haibebi kitu, inazuia tu umeme usitoke, na kila plastiki ina kiasi chake cha joto, ukizidisha inayeyuka. Maneno ya wivu. Nikamuuliza, kati ya mtu mnene na mtu mwembamba, nani anabeba gunia? Akaenda kunywa chai.

Kutoka kwake mpaka kwangu ni mita kumi na tano. Uliobaki sikuukata. Waya ukikatwa unapoteza roho. Nimeuzungusha vizuri, duara juu ya duara, nikauweka kwenye kona ya sebule, umeme upate mahali pa kupumzika kabla ya kuendelea.

Ampuli ikawaka! Mayai yakaingia katoni. Kahambu akanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu Kalengera, akacheza hatua tatu. Hata Charline alipiga makofi.

Jumatano, 11 Julai

Umeme ukiwa nyumbani, ampuli moja ni aibu. Nimemletea Charline rechaud, jiko dogo la umeme, la shemeji yangu. Maharagwe juu yake, furaha! Lakini ampuli ya mayai ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Kahambu akapiga kelele kwamba watoto wake wanakufa kwa baridi.

Nikafikiri. Kichwa changu kinafanya kazi haraka, hata mwalimu wa darasa la nne alisema hivyo, ndiyo maana sikuona haja ya la tano. Julai, upepo wa Goma, waya uko sakafuni juu ya saruji. Waya unaona baridi! Umeme unatetemeka humo ndani, utafikaje?

Nikachukua blanketi la ndoa la Charline, lile lenye simba, nikafunika duara lote, nikakunja pembeni kama mtoto mchanga.

Grégoire akachungulia juu ya ukuta wa mawe. Akashika kichwa. Alisema waya ukibeba umeme unatoa joto, na joto lazima lipate njia ya kutoka. Ukiuzungusha na kuufunika, uwezo wake wa kubeba unapungua, hauongezeki. Akaniomba nitoe rechaud. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta mbili! Nimemwambia.

Alhamisi, 12 Julai

Msiba. Ampuli imekufa. Niliigonga kidogo tu kwa kijiko, iamke. Dukani ampuli hakuna, barabara imefungwa, magari hayashuki. Kahambu akakaa chini, mayai mapajani, akalia bila sauti. Mtu aliyetembea siku mbili bila kulia! Nikatoka nje kuangalia hali ya hewa.

Niliporudi, paka wa jirani alikuwa amelala juu ya blanketi la simba, miguu minne juu, anakoroma. Kahambu akamtazama. Akanyanyuka, akamfukuza, akaingiza mkono chini ya blanketi. Akachukua yai moja, akalibandika kwenye kope ya jicho, kisha akabandika kope kwenye waya. "Ni sawasawa na tumbo la kuku," akasema.

Duara la waya, tazama, ni kiota kabisa! Akapanga mayai katikati, akafunika. Niliwaambia wote kwamba nilikusudia hivyo tangu Birere. Daniella akaniuliza, kwa nini basi mjomba uliweka ampuli? Watoto wa siku hizi wanauliza sana.

Tangu saa hiyo Kahambu ndiye jemadari wa jiko. Rechaud ikiwaka, waya unapata joto. Basi hakuna mboga ya lengalenga, hakuna mchele. Maharagwe tu, maana yanachelewa kuiva. Kiota kikizidi joto, anafunua simba upande mmoja. Tukilala, mayai yanarudi tumboni kwake. Tumekula maharagwe mara tatu leo.

Ijumaa, 13 Julai

Joto kidogo limefanya kazi. Joto jingi litafanyaje! Grégoire alikwenda kuzika mtu. Nikatangaza kwenye avenue yetu: mwenye nguo za misa aje na pasi yake. Mama watatu wamekuja, pasi tatu za umeme. Zote kwa pamoja, na maharagwe juu. Nilitaka vifaranga watoke leo leo, nimshangaze dada yangu.

Mwanzo vizuri. Kisha harufu. Mama mmoja akasema, nani anachoma viatu? Ngozi ya kiboko ilikuwa imelainika kama ugali wa moto! Kahambu aliruka toka mlangoni, sijui aliruka vipi, akachota mayai yote ndani ya kitenge kabla sijasema neno. Kisha paa! Kwa Grégoire disjoncteur, swichi ya kukata umeme, imeruka. Giza kwenye jiko, moshi kwenye sebule.

Mayai salama. Simba hana kichwa. Mahali pa kichwa kuna tundu la mviringo.

Charline amelikunja blanketi lake polepole. Ningependa agombe.

Jumamosi, 14 Julai

Grégoire amekuja na waya wake. Mwembamba! Ngozi kama karatasi, shaba nene ndani. Mita kumi na tano kamili, hakuna kuzungusha. Na ampuli aliyoichomoa chumbani kwake mwenyewe. Ameshika waya, ameniambia nishike. Baridi kabisa. Nikamwambia ndiyo kasoro yake. Akacheka, akasema mimi ni ugonjwa usio na dawa.

Kahambu anamwita "Papa Grégoire wangu." Haya.

Jioni mayai yameanza kugonga. Daniella ameweka sikio, akaita watu wote. Hata Grégoire alipiga magoti.

Jumapili, 15 Julai

Tisa! Tisa kati ya kumi na mawili! Wamelowa, wabaya, wanapiga kelele kama kwaya. Kahambu amepiga vigelegele mpaka walinzi wa kambi ya jeshi ya hapa Katindo wametoka kuangalia. Amesema sasa ana uwanja wa kuku tena, sasa ndipo amefika. Alicheka, akalia, akacheka. Mmoja amempa jina Grégoire. Mwingine, anayegonga kichwa kwenye katoni wakati mlango uko wazi, amemwita Florent. Nimefurahi sana. Tumekula mchele!

Jumatatu, 16 Julai

Nimepiga hesabu ya mambo yote. Kosa lilikuwa moja tu: blanketi lilikuwa moja. Waya uliona baridi upande wa chini, ukakasirika.

Nitatafuta waya mnene mara mbili, mita mia, mayai mia mbili. Wakimbizi wote wa barabara ya Rutshuru watapata kuku kwa mkono wangu. Ninahitaji mablanketi sita.

Nimeingia kila chumba kuyaomba. Saa sita mchana, jua kali, na watu wote wamelala, wamejifunika mpaka kichwani, wameshika pindo kwa mikono miwili. Charline pia, pua imetokea kwenye tundu la simba. Hata Grégoire, nilipopita kwake, alikuwa amelala ndani ya lake kwenye kiti cha barazani.

Maskini. Furaha imewachosha. Nitarudi saa nane.