Kamati ya Kuhesabu Maji ya Tikiti

Wilaya ilitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba tatizo la maji limekwisha: wanafunzi watafundishwa kuyahesabu. Kila chakula hunywa maji shambani kabla ya kuliwa, na mtoto anayejua hesabu hiyo hawezi kulifilisi taifa kwa kunawa uso.

Kazi alikabidhiwa Si Lahbib Ouzzine, Mwenyekiti wa Kamati ya Uhamasishaji, bwana mwenye tai mbili na shamba kubwa la matikiti yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa na kupakiwa kwenda Ulaya. Mitende ya wanakijiji ilikuwa inakauka. Si Lahbib aliwahurumia kwa dhati, maana hawakujua hesabu.

“Wanangu,” aliwaambia darasani, “pimeni kila shamba linakunywa kiasi gani. Mbadhirifu tumwanike, awe nani awe nani!”

“Kwa lita, Si Lahbib?” aliuliza mwalimu Tuda.

“Kwa kipimo chochote, Ustadha. Kamati haibagui.”

Akapiga mihuri kwenye fomu zikiwa bado tupu, ili kuharakisha maendeleo.

Siku tatu baadaye alirudi kupokea matokeo. Watoto walikuwa wamepima kwa kipimo cha kwao: kibakuli cha shaba chenye tundu, kinachoelea ndooni. Kikizama, zamu yako ya maji imekwisha, mpishe mwenzako.

Ijja, binti wa mgawa maji, akasoma. “Mitende ya kijiji kizima, vibakuli arobaini kwa siku. Pampu ya matikiti ya Si Lahbib, mia tatu.”

“Hayo ni maji ya biashara ya kimataifa!” alifoka Si Lahbib. “Hayahesabiwi!”

“Yametoka chini ya ardhi hii hii, Sidi,” alisema Bassou, mgawa maji, aliyekuja na nusu ya kijiji. “Na desturi unaijua. Aliyepitiliza zamu anakaa pembeni mpaka wenzake wote wafidiwe. Pampu tumeshaifunga.”

“Mpaka lini?”

“Watoto wamepiga hesabu. Miaka sita na ushee.”

“Kwa idhini ya nani?”

Tuda akamwonyesha muhuri wake mwenyewe kwenye fomu. Matikiti ya Si Lahbib yangenyauka kabla ya Ijumaa, na koo lake lilikuwa limetangulia.

“Nipeni maji ya kunywa,” alinong’ona.

Ijja akafungua daftari, akashika kalamu.

“Sawa, ami. Tuyakate kwenye zamu ya nani?”