Chumvi Iko Wapi?

Niliisikia sauti yangu sokoni kabla mimi mwenyewe sijafika. Wadada, leo nimeumbuka mbele ya mji mzima wa Mweso.

Mnajua nauza maharagwe. Mnajua nina mtoto anayenyonya. Zamani nilifua kwanza, nikasonga bugali, nikafika sokoni saa sita: wateja wameshaondoka, nimebaki mimi na inzi. Msichokijua (kilikuwa siri!) ni kwamba tangu mwezi uliopita anayefua na kusonga ni mume wangu, Papa Baraka. Alikubali kwa sharti moja: mlango ufungwe. Mwanaume aonekane na nguo za mtoto mkononi? Afadhali nyumba iungue.

Leo alfajiri nilirekodi tangazo langu kwenye megafoni, palepale jikoni. Nikampa jirani yangu, Mama Neema, atangulie nayo sokoni wakati nanyonyesha. (Kubonyeza kitufe cha kusimamisha? Nani? Mimi?)

Nafika kwenye kona, ukungu bado umelala barabarani, soko silioni. Nasikia tu:

"Maharagi ya Masisi! Inaiva mbio! Kuja mama, kuja papa!"

Nikaanza kutembea kwa maringo. Sauti tamu namna hii! Kumbe haijaisha.

"Papa Baraka! Ukimaliza nguo za mutoto, songa bugali. Na funga mulango, watu wasikuone!"

Kisha sauti nzito, ya upole, ikajaza bonde lote:

"Nimeshafunga. Chumvi iko wapi, sheri?"

(Sheri, yaani mpenzi: ndivyo anavyoniita mlango ukifungwa.) Halafu tangazo likaanza upya!

Nilikimbia. Mtoto mgongoni alidhani ni mchezo, akacheka. Nikamkuta Mama Neema ameikumbatia megafoni kama mbuzi anayegoma kuuzwa.

"Haizimike! Mama Baraka, haizimike!"

Nikang'oa betri. Kimya. Ndipo muuza mihogo mmoja akaita, polepole, akiivuta kila silabi: "Chumvi iko wapi, sheriii?"

Soko likapasuka kwa kicheko. Watu walikuja kuniangalia, na kwa kuwa wamekuja, wakanunua. Mama mmoja alinivuta pembeni, hacheki hata kidogo: "Mama Baraka, uyo papa ulimufundisha namna gani?"

Gunia liliisha mapema. Lakini nilirudi nyumbani na hofu. Akikasirika leo, kesho narudi kwa inzi wangu.

Nilimkuta amekaa, beseni la nguo alizofua liko miguuni pake. Nikamlaza mtoto. Sikuthubutu kumtazama.

"Wenye pikipiki wamepita hapa kunisalimia," akasema. "Wote. Wananiita sheri."

"Unisamehe, Papa Baraka."

"Maharagi?"

"Imeisha yote."

Akafikiri. "Na chumvi?"

(Wadada, soko zima limeniuliza chumvi tangu asubuhi. Nimesahau kununua chumvi. Atakayecheka, asinunue tena maharagwe yangu.)

Nikatikisa kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na cheko likamtoka kubwa kuliko megafoni.

"Sasa mulango tunafungia nani?" akasema, akijifuta machozi.

Akaliinua beseni begani. Akatoka mchana kweupe kwenda kuanika nguo kwenye kamba ya kando ya barabara, na majirani wamejaa nje. Akaufunga mlango taratibu, mtoto asiamke, yeye akiwa nje.