Mpiga Picha wa Pasipoti Aniachie Wateja Wangu

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Hii yangu si mojawapo. Mimi ni mtu mpole, nafika ofisini kabla ya saa mbili asubuhi, na naandika kwa masikitiko tu.

Nina ofisi ya ajira za nje, ghorofa ya kwanza, juu ya studio ya picha. Kazi yangu ni kuwatafutia vijana wa watu kazi nchi za mbali. Hivi karibuni nimeambiwa kwamba sheria ina jina jingine kwa kazi hii, eti usafirishaji haramu wa binadamu. Jina refu namna hiyo haliwezi kuenea kwenye kibao changu cha mlangoni, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba halinihusu.

Ninayemlalamikia ni mama mwenye studio hiyo. Miaka sita tuliishi vizuri. Wateja wangu walishuka ngazi, wakapigwa picha za pasipoti, wakapanda tena na picha zao mkononi, kila mtu na shughuli yake. Sasa mambo yameharibika, kama ifuatavyo:

1. Anauliza maswali. Kazi ya mpiga picha ni kusema kaa wima, inua kidevu, usicheke. Mama huyu, mteja akishainua kidevu, anamuuliza anakwenda kwa nani, mkataba ameusoma kwa lugha gani, na akifika huko pasipoti atashika nani. Mtu aliyeinua kidevu hawezi kutunga jibu haraka. Wateja wangu wamekuwa wakijibu "sijui" mara tatu mfululizo, na picha zao zinatoka na nyuso za mashaka. Watu wa uhamiaji wanataka uso usio na neno. Picha zimerudishwa.

2. Anagawa namba ya simu. Namba yake mwenyewe, Mhariri, si ya ofisi yangu. Haiandiki popote, kwa sababu anasema karatasi huchukuliwa. Anamfanya mteja aikariri mpaka aweze kuisema hata akiamshwa usingizini, ndipo abonyeze kitufe. Nimewahi kusimama mlangoni pake nikamsikia mwanamke mzima akiimba tarakimu kama mtoto wa chekechea. Huku ni kuwadhalilisha watu wazima.

3. Suala la msusi. Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye kidonda.

Msusi alikuja kwangu mwaka juzi, mwanamke mwenye mikono myepesi na mama mgonjwa wa kumtunza. Nilimwahidi kazi ya saluni, na naapa sikumdanganya. Nyumba niliyompeleka ina mabinti wanne, na wote wana nywele. Kwamba pamoja na nywele kulikuwa na sakafu, vyoo, jiko, magari matatu na nyumba ya shangazi yao, hayo ni mambo madogo madogo ya utekelezaji. Alilala chumba cha kufulia, kati ya mashine na ukuta. Pasipoti yake ilifungiwa kwenye kabati la chuma ili isipotee. Mlango wa nje ulifungwa ili na yeye asipotee. Mtu mwenye shukrani angeuita huo ulinzi.

Miezi minane hakulalamika, au labda alilalamika na hakukuwa na mwenye nafasi ya kumsikiliza. Kisha mchana mmoja alikuwa akimsuka bibi wa nyumba ile, kikongwe asiyesikia vizuri, akamwomba simu. Bibi akampa. Msusi akaipiga ile namba kutoka kichwani. Mama wa studio alipokea simu huku mteja akiwa bado kwenye kiti, na nasikia msusi alisema maneno machache tu: "Mama, ni mimi msusi. Nimefungiwa. Andika." Akamsomea jina la mtaa kutoka kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Mtu mstaarabu angepanda ngazi kumi na nne akaniletea habari hizo nizishughulikie. Yeye alifunga studio akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kazi. Alikaa siku kumi na moja, anafuma kitambaa. Siku ya kumi na mbili ofisa alichoka kumwona, akauandikia ubalozi. Watu wa ubalozi wakafika mlangoni na polisi wa huko, na msusi akatoka na kandambili zake na gauni alilovaa. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi na sita. Hadi leo hakuna aliyeniomba radhi.

4. Upendeleo. Aliporudi, msusi alipewa kitanda kwenye nyumba salama, daktari, wakili, na mshauri wa kukaa naye asubuhi anapoamka akilia. Mimi niliyempoteza mteja sikupewa hata glasi ya maji. Nilikwenda kuuliza kama huduma hizo ni za pande zote mbili. Ofisa aliniomba jina langu, akataka nimtajie herufi kwa herufi. Nilidhani ananisajili. Kumbe ananifungulia jalada.

5. Kiti. Msusi sasa anasukia ndani ya studio, kwenye kiti kinachotazama ngazi zangu. Hanitukani. Kila asubuhi ananiamkia. Lakini kila anayepanda kuja kwangu, msusi humuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekuahidi saluni?" Wapo waliogeuka wakiwa ngazi ya tatu. Mpishi mmoja alicheka, akasema yeye ameahidiwa hoteli, akapanda ngazi mbili zaidi, akasimama, akashuka. Alikaa akasukwa, akaenda zake nyumbani.

6. Dada wa mapokezi. Miaka minne amenichapia mikataba bila neno. Wiki iliyopita aliweka ufunguo wa ofisi mezani kwangu akasema, "Bosi, nilikuwa nachapa tu. Sasa nimesoma." Amekwenda kutoa maelezo polisi. Na mimi naripoti kituoni kila Jumatatu, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayeniuliza nimeamkaje.

Kwa hiyo, kupitia ukurasa wako, naiomba serikali ichukue hatua za wastani. Mpiga picha azuiwe kuuliza lolote zaidi ya "uko tayari?" Kiti cha msusi kigeuzwe kitazame ukuta. Vikongwe wote wanyang'anywe simu. Mwananchi asiruhusiwe kukariri namba yenye tarakimu zaidi ya tatu bila kibali cha maandishi. Na kwa kuwa chanzo cha balaa lote hili ni swali, alama ya kuuliza iondolewe shuleni kuanzia darasa la kwanza, ili watoto wetu wakue wakijua kusafiri tu.

Naishia hapa nisije nikaonekana mlalamishi. Nisalimie wahariri wenzako, wachapaji, mlinzi wa getini, mama anayewaletea chai, na yeyote hapo ofisini anayetafuta kazi ya nje.

Ni mimi, ninayeonewa kimya kimya,
Wakala wa Ajira, Ghorofa ya Kwanza

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, binti yangu wa mwisho akaingia na habari njema. Amepata kazi ya hoteli ng'ambo kupitia wakala wa mtaa wa pili, mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa. Nilimfuata ofisini kwake. Nilimuuliza mkataba umeandikwa kwa lugha gani, akanimiminia chai. Nilimuuliza pasipoti ya mwanangu atashika nani, akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Nimelifanyia mazoezi kwenye kioo miaka kumi. Kesho asubuhi nampeleka binti studio, na nimemwambia hainuki kwenye kile kiti mpaka yule mama aridhike. Nikaanza kumfundisha cha kuuliza, moja baada ya jingine, bila kusoma popote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, maswali yote haya umeyajulia wapi?"

Naomba barua hii usiichapishe mpaka nimjibu.