Korongo Mia Tatu na Koti Moja

Jumatatu, 6 Septemba 1920
Vita vilimeza sarafu zote, ndiyo maana vijiji vya Austria vinajichapishia chenji. Noti yetu ya heller hamsini, nusu kroni, imetoka, mia nne kwa kuanzia. Uzuri ulioje! Bi Leopoldine, mpiga kinanda wa kanisa, amechora ndege korongo juu ya kinu cha maji. Mistari saba tu, na maji unayasikia. Mchoro wangu ulikataliwa: baraza la kijiji lilisema ng'ombe wangu anafanana na benchi. Si neno. Wakusanyaji wa Vienna huzigombania noti hizi. Nikizishika zote, watanipigia magoti.

Jumatano, 8 Septemba
Nimemuuzia Kolbinger, mchinjaji, koti langu la baridi. Kwa fedha hiyo nimezoa korongo mia tatu: dukani kwa mwoka mikate, kilabuni, hata kwenye sahani ya sadaka. (Niliweka noti kubwa badala yake. Mimi si mwizi.) Mke wangu Kreszenz akauliza kama Januari tutajifunika korongo. Nikamweleza taratibu kwamba kitu kikiadimika hupanda bei. Akasema, mume wangu, unanieleza tangu mwaka themanini na moja, na baridi bado naisikia.

Ijumaa, 10 Septemba
Balaa! Chenji imekwisha. Badala ya chenji mwoka mikate anarudisha figili, Kolbinger anarudisha mifupa. Mkutanoni watu walifoka: nani kazila? Kwa mara ya kwanza maishani sikueleza kitu. Baraza likaamua: zichapwe nyingine elfu kumi, mara moja.

Jumapili, 12 Septemba
Mkusanyaji wa Vienna amefika! Alizitazama zangu kwa lenzi, akapumua kwa furaha, akasema aliyechora ni fundi kabisa. Kisha akasema, samahani mwalimu, amekwisha nunua bunda barazani, mpya, kwa bei iliyoandikwa. Zangu zinanuka soseji.

Jumatatu, 13 Septemba
Kreszenz amezirudisha noti barazani, akapewa kroni za serikali, akalikomboa koti. Kolbinger alicheka hadi akakalia gogo la kukatia nyama. Nimeachiwa korongo mmoja. Nimemtazama asubuhi nzima. Mistari saba! Miaka arobaini ya kufundisha, sikupata mtoto wa kuchora hivyo. Nilikwenda kumwambia Bi Leopoldine. Akaona haya, akasema ng'ombe wangu alikuwa na macho mazuri.

Kesho kijiji cha ng'ambo ya mto kinatoa noti ya paka. Kijiji kidogo, noti chache.

Koti linaning'inia nyuma ya mlango. Na jua bado ni kali.