Mtakatifu wa Maegesho

Jumatatu, 18 Agosti

Wamezileta. Mita! Nimetoka na kandambili kununua mkate, nikakuta chuma kimesimikwa mbele ya nyumba yangu. Kirefu, cha kijivu, kina kijicho cha kioo kinachonitazama kama mama mkwe. Kuanzia Jumatatu ijayo, kuegesha gari mtaani kwetu ni kwa malipo. Kwa saa! Kama vile barabara ni gesti.

Ndoo zangu wamezibeba. Nilizijaza saruji kwa mikono yangu mwenyewe, na zimelinda nafasi ya gari langu miaka nenda miaka rudi bila kuomba likizo. Dereva wa lori lililozibeba akaniambia hizo ni takataka za barabarani. Takataka! Nimemjulisha kuwa mimi, Eleuterio Basurto, nimeuza meno ya bandia kuanzia Tijuana hadi Tapachula na sijawahi kutukanwa namna hiyo. Akasema, mzee, sogea nirudi nyuma.

Tangazo linasema mkazi asiye na banda la gari atapewa kibali cha bure. Mwenye banda alipe kama mpita njia. Haki iko wapi? Mimi banda ninalo, ila gari haliingii. Mna makabati ya marehemu shangazi Pánfila, mashine za kufulia zilizokwishakata roho, na masanduku ya meno ambayo soko lake litarudi tu.

Na si kwamba najifikiria mwenyewe. Mke wangu Hermelinda alipasuliwa nyonga mwezi wa sita. Kila Alhamisi nampeleka mazoezi ya viungo. Gari lazima liwe mlangoni. Yeye anasema dawa ni rahisi: toa makorokoro, ingiza gari. Hermelinda haelewi siasa.

Ng'ambo ya barabara, Profesa Crisóforo, mwalimu mstaafu wa jiografia, hana banda. Kibali atapata. Alikuwa kibarazani anatabasamu. Mtu mzima!

Jumatano, 20 Agosti

Mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Nimepanda juu ya kiti nikanguruma kuwa barabara ni ya wananchi. Makofi yalikuwa ya mtu mmoja, Doña Eduwiges muuza tamale za mahindi za kuvukisha, ambaye hana gari wala baiskeli.

Crisóforo akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akauliza kwa sauti ya upole, ile ya sumu: "Ya wananchi, jirani, au ya ndoo zako?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama mmoja akasema mwanawe alivunjika jino kwenye ndoo hizo. (Mbona hakuja kwangu? Ningempa bei nzuri.) Mwingine akasema kila jioni anazunguka mtaa kutafuta nafasi kwa sababu ya watu fulani. Hakututaja. Alituangalia tu.

Ikapigwa kura. Wanaotaka mita wanyooshe mikono. Mikono kama shamba la mahindi! Nikageuka kutafuta faraja kwa mke wangu. Hermelinda alikuwa amenyanyua gongo moja.

Njiani nikamuuliza ilikuwaje anisaliti hadharani. Akajibu: "Ningeyanyanyua yote mawili, Eleuterio, ila ningeanguka."

Ijumaa, 22 Agosti

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nywele sina, lakini leo nimewazidi wote.

Pale kona ya chini watu walikuwa wakitupa taka. Siku walipoweka sanamu ya Bikira, taka zikakoma. Hakuna anayethubutu. Sasa: nani atadiriki kufungua geti la banda lenye mtakatifu? Na geti lisilofunguka ni geti kweli? Ni ukuta! Na nyumba yenye ukuta haina banda!

Nimekwenda sokoni kwenye vitu vya mitumba. Nimempata Mtakatifu Yuda Tadei, mtetezi wa mambo yaliyoshindikana, ananifika kifuani. Bei ya kutupa kwa sababu pua imemeguka. Nimemtengenezea nyingine kwa saruji ya meno. Taaluma haiozi! Nimejenga jukwaa la zege katikati ya geti, nikaweka vigae, maua ya plastiki na taa za rangi zinazowaka na kuzima.

Hermelinda alinitazama dirishani tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza. Mwisho akasema: "Mimi niliomba gari mlangoni. Sikuomba mtakatifu."

Crisóforo naye kavuka barabara. Akauliza tangu lini nimekuwa mcha Mungu. Nikamjibu kwamba imani ni jambo la ndani. Akauliza, la ndani ya banda? Nimemkata jicho, nikaingia kula.

Jumanne, 26 Agosti

USHINDI!

Mkaguzi amekuja. Anaitwa Yadira Montaño, kijana, kofia imemfika nyusi. Akauliza nyuma ya mtakatifu kuna nini. Nikamwambia: kuna sala. Sikusema uongo. Kila nikiingia mle namwomba Mungu makabati ya shangazi yasiniangukie. Akapiga ishara ya msalaba, akabandika kibali kwenye kioo cha gari langu, akaniomba nimkumbuke mama yake katika maombi.

Nimepita mbele ya nyumba ya Crisóforo nikipiga honi. Kwenda na kurudi. Kisha tena, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa bafuni.

Jambo jingine dogo. Jumapili Doña Eduwiges aliwasha mshumaa kwa mtakatifu wangu. Leo asubuhi kasuku wake aliyetoroka tangu Juni amerudi, tena amenona. Kila anayenunua tamale anahadithiwa muujiza. Nimemshukuru sana. Mtu wa mauzo anajua thamani ya ushuhuda.

Alhamisi, 28 Agosti

Hata mtoto wa chekechea wa jiji hili anajua kuwa kila tarehe ishirini na nane ni siku ya Mtakatifu Yuda. Mimi nilisahau.

Asubuhi nilikwenda kujaza mafuta ili nimuwahishe Hermelinda kwenye mazoezi. Niliporudi sikuutambua mtaa wangu. Pikipiki, teksi, wazee kwa watoto, kila mmoja amekumbatia sanamu yake kama kichanga. Tarumbeta! Mlangoni kwangu limeegeshwa gari la familia kutoka Pachuca, na juu ya boneti wamepanga mikate. Nikapiga honi. Shangazi mmoja akanijia kwa huruma: "Foleni ya muujiza inaanzia kule nyuma, baba."

Nikamwambia mtakatifu ni wangu. Nimemnunua! Akanijibu kuwa mtakatifu hana mwenyewe. Waliokuwa karibu wakasema amina.

Nimeegesha mtaa wa mbali, nikarudi mbio. Umati haupenyeki. Nilisukumwa, nikamwagiwa maji ya baraka, nikapewa mtoto wa mtu nimshike. Na muda wote huo nilikuwa namwona kichwani mwangu Hermelinda amechoka kunisubiri, anashuka ngazi peke yake, gongo linateleza. Niliona vizuri sana. Nilipofika nyumba ilikuwa wazi na yeye hayumo.  Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Doña Eduwiges, aliyekwishauza sufuria mbili za tamale, akanituliza: "Tulia baba, Profesa kamchukua." Profesa! Alimkalisha kwenye kiti chake cha kusomea, kile cha magurudumu, akamsukuma katikati ya waumini akipaza sauti: "Mgonjwa! Mgonjwa! Pisheni!" Wakampisha. Wengine wakamgusa Hermelinda bega ili wapate neema. Barabara kuu wakapanda teksi.

Nikarudi kulifuata gari. Limefungwa mnyororo wa njano gurudumuni. Kibali changu hakifanyi kazi mtaa ule. Mvua ikaanza.

Hermelinda amerudi amechangamka. Anasema Profesa alimsimulia vichekesho njia nzima. Vichekesho! Hata mimi ninavijua vichekesho.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo mambo yamenifika shingoni.

Padri Melquíades amekuja na nusu ya mtaa. Kasema mbele za watu kwamba Yuda Tadei ni mtume, si mlinzi wa maegesho. Waumini wakagoma: mtakatifu haondoki mpaka apate makao bora. Wakabishana weee, mwisho ikaamuliwa ahamie kando ya duka la mikate. Kwa maandamano. Na abebwe na nani? Na aliyemleta!

Zege lilikuwa zito ajabu. Fundi aliyelimwaga alilishindilia bila huruma, na fundi huyo ni mimi. Katikati ya wimbo pua ikadondoka. Bibi mmoja akaiokota, akaibusu, akaifunga kwenye leso.

Kisha geti likafunguliwa. Mbele ya wote, na mbele ya Yadira Montaño aliyekuwa amesikia minong'ono. Makabati ya shangazi Pánfila yakatutazama. Sanduku moja likapasuka, meno yakamiminika hadi barabarani, yanacheka.  Yadira akaliendea gari langu, akakibandua kibali kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemenya yai.

"Mama yangu," akasema, "nilimwambia unamwombea."

Niliinama kuokota meno. 

Basi Crisóforo akakunja mikono ya shati. Wakaja na wengine. Hata chakula cha mchana hakijaiva, banda likawa jeupe. Makabati kachukua Doña Eduwiges, mashine wamebeba wa vyuma chakavu. Meno nimeyatetea kwa machozi, nimeruhusiwa sanduku moja. Gari likaingia kama mguu kwenye kiatu.

Hermelinda akapita mlango wa jikoni unaotokea bandani, moja kwa moja hadi kwenye gari. Bila gongo. Na siku ya mvua, bila tone. Akakaa kiti cha mbele, akalia kidogo, akanishika mkono. "Umeona, mzee wangu?"

Nimeona. Nimeona kuwa pembeni mwa geti, palipokuwa pangu, pako tupu. Mtu yeyote mwenye sarafu anaweza kuegesha. Yeyote! Moyo umeniuma mpaka nimeshindwa kula supu yangu ya pozole.

Jumatano, 3 Septemba

Nimesoma sheria yote ya mita. Hakuna mwingine mtaani aliyeisoma, ndiyo maana wanalala vizuri. Mwishoni kabisa, kwa herufi za sisimizi: yasiyotozwa ni magari ya zimamoto, ya wagonjwa, na ya mazishi.

Ya mazishi!

Binamu yangu Fulgencio wa Toluca alikuwa na biashara ya mazishi kabla wateja hawajamkimbia. Gari bado analo. Nimempigia. Kaniuliza la nini. Nimemjibu: ni suala la kanuni. Kasema ataliuza kwa masanduku ya meno au fedha taslimu. Meno hayakutosha, nimetoa fedha.

Hermelinda sijamwambia. Daktari amesema asishtuliwe.

Jumamosi, 6 Septemba

Limefika! Jeusi, refu, lina mapazia ya zambarau. Limejaza nafasi yangu yote na nusu ya nafasi ya jirani. Yadira Montaño kapita na mashine yake ya kutoza. Akasimama. Akavua kofia. Akaendelea na safari bila kutoza hata senti. Nikacheka peke yangu nyuma ya pazia, nikaenda kuoga nikiimba.

Nimetoka bafuni nasikia vilio chini. Nikachungulia. Mtaa mzima uko mlangoni. Padri kavaa rasmi. Doña Eduwiges kabeba maua meupe na sufuria ya tamale za msiba. Na Crisóforo, suti nyeusi, kofia mkononi, analia machozi ya kweli. Anawaambia watu: "Alhamisi ile alikuwa mzima kabisa. Alicheka vichekesho vyangu vyote. Vyote!"

Wakagonga. Mlango ukafunguliwa na Hermelinda, taulo kichwani, mwiko mkononi.

Doña Eduwiges akapiga ukelele akakalia tamale. Padri akakosea sala. Crisóforo akamtazama Hermelinda kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima, kisha akamwangukia miguuni, na ikabidi yeye, mwenye nyonga ya chuma, amwinue.

Hermelinda akalitazama gari. Akanitazama mimi dirishani.  Akawakaribisha wote ndani, akawapa chokoleti ya moto na mikate, kwa kuwa waliokuja kulia hawarudishwi na njaa. Walikaa hadi jioni. Hakuna aliyenipa pole.

Watu hawana subira! Tatizo ni dogo, ni la mawasiliano tu. Nimechukua ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA ALIYEKUFA. Nimeutundika kwenye kioo cha gari, unasomeka hadi kona.

Hermelinda katoka kuusoma. Akaomba brashi. Akaongeza neno moja chini: BADO.

Sijaelewa anamsema nani. Nyumba nzima tuko wawili, yeye daktari amemsifu, na mimi afya yangu ni njema kabisa.