Jinsi Hilkka Alivyoomba Wimbo wa Bata Urudiwe

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili ya Novemba, na tangu asubuhi theluji ya majimaji ilianguka kwa ubavu juu ya mji wa Nurmes, huko Ufini, kipimajoto kikiganda kwenye sifuri kama mtu aliyeshindwa kuamua. Sogeeni basi, enyi mpendao habari za mashujaa. Wekeni chini simu zenu na kazi za mikono yenu, mpate kusikia jinsi Hilkka binti Pesonen, Mkamuaji wa Ng'ombe Elfu, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, alivyouinua mkono wake wa kuume katika darasa la jioni, jambo ambalo darasa lile halikuwahi kuliona tangu lianzishwe.

Miaka sitini na saba Hilkka aliishi vizuri bila Kiingereza. Lakini mwanawe alioa Ireland, akamzaa Nuala, na kwa uvivu wa ulimi hakumfundisha mtoto neno hata moja la Kifini. Kila Jumapili Nuala, mwenye miaka mitano, alimwimbia bibi yake kwenye simu wimbo wa bata aliyepoteza kiatu, kisha akanyamaza, akingoja bibi aimbe ubeti wa pili. Bibi alijibu "ndiyo" kwa Kiingereza, mara tatu, maana hakuwa na neno jingine. Jumapili iliyopita mtoto alimwuliza baba yake, simu ikiwa wazi, kama bibi ni mgonjwa.

Ndipo mwalimu Outi, ambaye hufundisha Kiingereza kwa nyimbo, alipouleta wimbo ule darasani: ubeti wa pili kwenye karatasi, na ndani yake mapengo tisa yaliyo wazi kama malango ya ngome. Sheria ya Outi ilijulikana. Wimbo huchezwa mara mbili, mapengo yajazwe, na saa kumi na mbili kamili iwe kahawa. Watu wa Nurmes huvumilia baridi, kodi na mahubiri marefu. Kahawa iliyochelewa hawaivumilii.

Vita vikaanza. Mara ya kwanza malango manne yalianguka mbele ya kalamu ya Hilkka, ingawa vitenzi vya wakati uliopita, waasi wale wasiofuata sheria, walipita wamebadili nguo hata mama zao wasingewatambua. Mara ya pili yakaanguka mawili. Matatu yakabaki, yote katika mstari wa mwisho, mahali ambapo mwimbaji huyameza maneno na kinanda hupiga kelele juu yake. Saa ya ukutani ilionyesha dakika mbili kabla ya kahawa.

"Kuna swali?" Outi aliuliza, mkono tayari kwenye kitasa.

Wanafunzi kumi na mmoja wakatazama meza. Hilkka akafumba macho. "Bwana," aliomba moyoni, "uliwapa mitume ndimi nyingi kwa siku moja. Mimi naomba maneno matatu tu."

Na mkono ukapanda. Ukapita bega, ukapita sikio, ukasimama juu ya kichwa chake cha mvi kama bendera ya taifa jipya.

"Tafadhali," alisema kwa Kiingereza, "wimbo, mara moja zaidi."

Kiti kililia. Alikuwa Veikko, dereva mstaafu wa basi, Asiyechelewa Kituoni kwa Miaka Thelathini na Minne.

"Hilkka, kahawa inapoa."

"Imo kwenye themosi, Veikko. Haipoi."

"Na mikate?"

"Mikate ilipoa tangu saa nane. Niliioka mwenyewe, najua."

"Sisi wengine tumeshamaliza."

"Vizuri. Tusomee mstari wa mwisho."

Veikko akaifunika karatasi yake kwa kiwiko. "Sina miwani."

"Umeivaa."

Kicheko kikapita nyuma ya darasa, kifupi, kikazimwa kwa adabu. Hapo Hilkka akasimama, akaunguruma kama jemadari mbele ya majeshi yake.

"Wenzangu, mimi si mtu wa maneno mengi, mnanijua. Mjukuu wangu anadhani naumwa. Atapiga simu Jumapili. Nipeni dakika mbili za kahawa yenu, nami nitawakatia mikate minene."

Veikko akaitazama saa ya ukutani.

"Minene kiasi gani?" Veikko akauliza.

Hilkka akanyoosha vidole vitatu, akavibana pamoja.

"Cheza, Outi," akasema Veikko.

Wimbo ukachezwa mara ya tatu, na malango yakaanguka moja baada ya jingine: kuku, ametaga, ndani. Kumbe bata alikipata kiatu chake, ila kilikuwa kimeshapata mpangaji. Na ilionekana wazi kwamba kalamu kumi na moja nyingine ziliandika kwa haraka maneno yaleyale, ya Veikko ikiwa na kazi kuliko zote.

Kahawa ilimiminwa saa kumi na mbili na dakika tatu. Vizazi vijavyo viiweke akilini saa hiyo. Hilkka, Mvunja Ngome ya Mstari wa Mwisho, akainua kikombe mbele ya mashahidi kumi na wawili, mwalimu akiwa miongoni mwao, mashavu yao yamejaa mkate.

"Jumapili saa tisa," alisema, "nitamwimbia Nuala ubeti wote, kuanzia kiatu hadi mayai. Na nikikwama, nitamwomba arudie, kwa Kiingereza, baba yake akisikia."