Mtego Wangu wa Nguruwe Pori, Siyo wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nguruwe pori wamepita kwenye viazi vitamu vya mke wangu. Nusu ya shamba imefukuliwa, utadhani trekta limepita bila dereva. Wakulima tukakutana asubuhi. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema atatengeneza zizi la nondo lenye mlango wa kudondoka. Tuweke mahindi ndani, mlango ukae wazi siku kadhaa, nguruwe wazoee kula humo, ndipo tuwafungie. Akapigiwa makofi. Wazoee! Tunatega au tunachumbia? Nikasimama nikaahidi kuwamaliza kabla yake. Mke wangu akaanza kukagua kucha zake.

Jumanne, 4 Machi
Nimetega kitanzi cha waya kwenye njia yao. Kimenasa ndala ya mama mkwe. Mguu ulikuwemo. Nimeomba radhi vizuri tu. Akasema hana la kuongeza, kisha akaongeza hadi adhuhuri.

Jumatano, 5 Machi
Vitanzi ni mambo ya kizamani. Najenga zizi langu, la mbao na wavu wa chuma. Mlango wa kudondoka nimeupata: wa jikoni. Umekaa kama umezaliwa pale. Mke wangu anapika huku mbuzi wa jirani akichungulia sufuria. Shemeji amepita, akashauri kwa upole nifukie wavu chini, kwa sababu nguruwe huunyanyua kwa pua. Pia niweke namna ya kufungua komeo kutoka ndani. Nikamuuliza toka lini nguruwe akahitaji kutoka. Akaenda zake kuchomelea.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewawekea mahindi yaliyochacha. Yananuka hadi barabarani. Jioni wamekuja, wakaingia, wakala yote. Mlango ukadondoka barabara kabisa. Wakaunyanyua wavu kwa pua, wakatoka upande wa pili bila haraka. Usiku huohuo nimeufukia wavu kina cha goti, nikaukandamiza kwa mawe. Wazo langu.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ngumu. Niliingia zizini kufunga kamba ya kufyatulia mlango kwenye gunzi. Kamba ikafyatuka. Komeo likajifunga, kwa nje. Nilisukuma mbao, nikavuta wavu, nikachimba kwa mikono. Zizi imara sana. Naandika hili bila kujisifu.

Mara wakaja. Jike kubwa na wanawe. Wakaninusa kupitia wavu, wakaona sifai, wakageukia viazi vilivyobaki. Nikapiga kelele. Jike likainua kichwa, likaniangalia kama karani anayesumbuliwa akila, likaendelea. Nimeshuhudia kila tuta likiisha. Kelele ndizo zilizomleta mke wangu, na kaka yake nyuma. Nguruwe wakakimbia wakiwa wameshiba. Shemeji hakucheka. Alikwenda nyuma ya mti kidogo, akarudi macho yamelowa.

Mke wangu alisimama nje ya wavu, hakugusa komeo.
"Mume wangu, hawa nguruwe nawaelewa," akasema. "Wana njaa. Wewe una nini?"
Nikamwambia nina uhakika kwamba mtego unafanya kazi. Akarudi nyumbani. Aliyenifungulia ni shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amenasa kundi zima. Jike, watoto, wote. Waliingia zizini kwake kama wapangaji wanaorudi nyumbani. Watu wamembeba mabegani. Nimemweleza mama mwenyekiti wa wakulima kwamba nguruwe hao walikwisha kuzoeshwa mahindi ya mtegoni, na aliyewazoesha ni mimi. Akaniambia niende nikapumzike.

Mke wangu ameokota viazi vilivyosalia. Vimejaa sufuria moja. Sikuuliza tutakula nini kesho. Tumekula tukitazama ukuta.

Jumanne, 11 Machi
Sasa ni nyani. Wanamaliza mahindi ya mama mwenyekiti. Kwenye kikao akauliza kama yupo mtu mwenye uzoefu wa kukaa ndani ya mtego. Watu wote wakanigeukia. Heshima hiyo sikuitegemea. Nikasimama, nikashukuru, nikaahidi kuwanasa wote kabla ya wiki kwisha. Mke wangu akatoka nje. Shemeji akaninong'oneza kwamba nyani wana vidole, komeo si kitu kwao.

Wivu utamuua yule.